Waya Uliofichika na Udhuru wa Kutojua

Miongoni mwa maswali ya zamani kabisa katika falsafa ya maadili ni lile la kutojua: je, mtu aliyesababisha madhara bila kukusudia, na bila kufahamu kwamba kitu anachokimiliki kilikuwa na hatari, ana udhuru mbele ya watu na mbele ya Mungu, au kutojua kwake kwenyewe ni kosa la kuhesabiwa? Swali hili kwa kawaida hujadiliwa kwa mifano ya mahakamani au ya hospitalini, lakini kuna mahali padogo, panapoonekana kuwa mbali na falsafa, ambapo linajitokeza waziwazi zaidi, napo ni katika nyaya za umeme za gari-nyumba, yaani gari lenye injini yake ambalo nyuma ya kiti cha dereva limejengewa kitanda, jiko, choo na meza, na ambalo familia nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini husafiri na kulala ndani yake, baadhi kwa likizo fupi na wengine, hasa wastaafu, kwa miaka.

Gari la namna hii lina mifumo miwili ya umeme inayopita ndani ya kuta zilezile. Wa kwanza ni wa volti 12, unaotoka kwenye betri na kuendesha taa, pampu ya maji na feni. Wa pili ni wa volti 230 kwa Ulaya, au 120 kwa Marekani, unaoingia kwa kebo nene kutoka kwenye nguzo ya umeme ya kambi na kuendesha hita, birika na chaja ya betri. Nyumba ya matofali hukaa mahali pamoja, na waya uliofungwa vizuri ukutani mwake unaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Gari-nyumba hutikiswa kila kilomita, hupata joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, hupenyeza unyevu kwenye maungio ya paa, na linapoegeshwa miezi ya baridi panya huweza kujipatia makao ndani yake. Kwa hiyo waya wa shaba wa uzi mmoja mnene, unaokubalika kabisa nyumbani, haufai garini, kwa kuwa mtikisiko huufanya ukakamae na hatimaye ukatike, na badala yake hutakiwa waya wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Vilevile kila mahali waya unapopenya bati panatakiwa pete ya mpira, ili ukingo mkali wa tundu usilichubue ganda lake kidogo kidogo. Yote haya yamefichwa nyuma ya mbao nyepesi zenye sura ya kupendeza, na hapo ndipo swali linapoanzia, kwa sababu mwenye gari hayaoni, na asiyoyaona hayamnyimi usingizi.

Mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, aliligusa swali hili mwaka 1877, katika insha yake kuhusu maadili ya kuamini, kwa kisa cha mwenye meli. Mtu huyo alikuwa akijiandaa kuwapeleka wahamiaji ng'ambo kwa meli kuukuu iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi, na mashaka yakamjia kwamba huenda inahitaji kukaguliwa na kukarabatiwa upya kwa gharama kubwa. Naye, badala ya kuikagua, akayatuliza mashaka hayo kwa kujikumbusha kwamba meli imekwisha kuvuka bahari salama mara nyingi, na kwamba Mola asingeziacha familia hizo ziangamie, mpaka akaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba meli yake ni nzima. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Hukumu ya Clifford ni kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na kwamba unyofu wa imani yake haumsaidii chochote, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha aliongeza jambo zito zaidi, kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia ya mwenyewe isingepungua hata chembe, kwa sababu kinachopimwa si matokeo ya imani yake bali njia aliyoipatia.

Kisa hiki kinahamia kwenye gari-nyumba bila kubadilishwa sana. Mtu hununua gari lenye umri wa miaka 20, lililopita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne, kila mmoja akiwa ameongeza chake, huyu redio, yule paneli ya sola, mwingine inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 230. Na mnunuzi akijiambia kwamba gari hili lisingefika leo kama lingekuwa na hitilafu, anafanya vilevile alivyofanya mwenye meli, yaani anaichukua bahati ya jana na kuiita ushahidi wa kesho. Umeme humsaliti anayefikiri hivyo, kwa sababu kiungo cha waya kinachoharibika mara nyingi huendelea kutoa huduma kamili kwa muda mrefu, taa zikiwaka na hita ikitoa joto lilelile, huku uharibifu ukizidi nyuma ya ubao.

Clifford hakuachwa bila kujibiwa. William James wa Marekani, mwaka 1896, alitetea haki ya mtu kuamini kabla ushahidi haujakamilika, akieleza kwamba yapo mambo ambayo imani yenyewe husaidia kuyafanya yawe kweli, kama urafiki, ambao hauwezi kuanza iwapo kila upande unangoja kwanza uthibitisho wa mwenzake. Hoja hiyo ina nguvu mahali pake, na asiyekubali kuondoka nyumbani mpaka awe na yakini ya kila kitu hatasafiri kamwe. Hata hivyo mpaka wake unaonekana hapa hapa: imani humsaidia mtu pale tu ambapo jambo linaloaminiwa linaweza kuathiriwa na moyo wa mwenye kuamini, ilhali mkondo wa umeme haupungui wala hauongezeki kwa matumaini ya aliyelala kando yake.

Inafaa kukitazama kiungo kimoja kwa karibu. Nyuma ya soketi waya umebanwa kwa skrubu ndogo, na gari likiwa barabarani skrubu hiyo hulegea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima. Sehemu ya metali inayogusana hupungua, hewa huingia, utando mwembamba wa kutu hujijenga, na mahali hapo panapata ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi na kuugeuza kuwa joto. Ikichukuliwa kwamba ukinzani huo ni nusu ya omu tu, na kwamba hita ya wati 2000 imechomekwa kwenye soketi hiyo ya volti 230, mkondo utakaopita ni ampea zipatazo 8.5, na kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo, kiungo hicho kitatoa wati zipatazo 36, karibu sawa na kile chuma cha kuchomelea risasi anachokitumia fundi redio, kikiwa kimewashwa usiku kucha kati ya ubao mkavu na sufi ya kuzuia baridi. Na vifaa vya ulinzi havitafanya lolote. Saketi breka hukata umeme mkondo unapozidi kiwango, na hapa mkondo haukuzidi bali umepungua kidogo. RCD, yaani kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro, na kukata umeme tofauti inapofikia kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni miliampea 30, nacho hakioni kitu, kwa kuwa hakuna mkondo unaovuja. Unaokwenda wote unarudi.

RCD ina kitufe cha majaribio, na ni jambo jema kukibonyeza mara kwa mara kama watengenezaji wanavyoagiza, lakini kitufe hicho huthibitisha tu kwamba kifaa chenyewe bado kinaweza kukata umeme, wala hakisemi lolote kuhusu waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi, au kuhusu skrubu zilizo nyuma ya soketi. Anayekibonyeza, akasikia mlio wake, kisha akalala akiamini kwamba umeme wote wa gari lake uko salama, si kwamba hana ushahidi; anao, isipokuwa ni ushahidi wa jambo jingine. Clifford hakulizungumzia hili, na pengine ndilo lililo gumu kuliko yote, kwa sababu mwenye meli wa kisa chake alikwepa kuchunguza, ilhali huyu amechunguza, ameridhika kwa nia safi, na bado hajui.

Hapo ndipo inapofaa kuitazama sheria ya dini, ambayo kwa karne nyingi imelishughulikia swali hili kwa kutenganisha mambo mawili ambayo Clifford aliyaunganisha, yaani dhambi na dhamana. Dhambi ni lawama ya mtu mbele ya Mungu, nayo hufuata nia na kukusudia. Dhamana, kwa maana ya mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ni wajibu wa kulipa au kurekebisha kilichoharibika, nao unaweza kumfikia mtu hata asiye na dhambi. Katika fikihi ya Kiislamu aliyeua kwa bahati mbaya hahesabiwi kuwa mwuaji wa kukusudia, lakini diya, yaani fidia ya damu, hulipwa kwa jamaa wa marehemu, na aliyeua hutoa kafara. Katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, mwenyewe haadhibiwi iwapo ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo; lakini ikiwa alikuwa na mazoea ya kupiga pembe, na mwenyewe akaonywa lakini hakumfunga, basi hatia inamwangukia mwenyewe kwa ukali wote. Kinachobadilisha hukumu si kifo, ambacho ni kilekile, bali ni onyo lililotangulia.

Nyaya nazo huonya, ingawa si daima. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia pembeni mwa tundu moja, plagi inayotoka na uvuguvugu, taa zinazofifia kila pampu inapofanya kazi, harufu ya plastiki iliyopata moto, mlio mdogo kama wa mdudu ndani ya kisanduku cha saketi breka: kila moja ya dalili hizi humtoa mwenye gari katika hali ya yule ambaye ng'ombe wake hakujulikana na kumwingiza katika hali ya aliyeonywa, na kuanzia siku hiyo hana tena udhuru wa kutojua, hata kama hajui hasa ni waya upi wenye kasoro.

Mafakihi, walipozungumzia mtu aliyepewa amana na ikaharibika mkononi mwake, waliyagawa makosa yake katika mafungu mawili, ambayo ni taadi, yaani kuvuka mpaka kwa kutenda jambo asiloruhusiwa, na tafriti, yaani kuzembea kwa kuacha jambo alilopaswa kulitenda. Asipofanya moja kati ya haya, hana dhamana. Mgawanyo huu unafaa sana hapa, kwa sababu roho za wanaolala ndani ya gari, mke, watoto, mgeni aliyealikwa kwa usiku mmoja, zina sura ya amana kwa mwenye gari. Kutokaza skrubu kwa miaka mingi ni tafriti. Taadi yenyewe huonekana zaidi kwenye fyuzi. Watu wengi hudhani fyuzi imewekwa kulinda taa au pampu, kumbe kazi yake ya kwanza ni kulinda waya, kwa kukatika kabla mkondo haujafikia kiwango cha kuuyeyusha; fyuzi ya ampea 10 inapokatika mara kwa mara, na mwenye gari akaweka ya ampea 30 ili aondokane na usumbufu, hakuuondoa udhaifu bali ameuhamisha kutoka kwenye kitu cha bei ndogo kinachoonekana na kubadilishwa kwa dakika moja, hadi kwenye waya uliofichika, ambao sasa ndio utakaoungua kwanza. Wala uchache wa volti 12 si kinga, kwa maana hata kama haumdhuru anayeugusa kwa mkono mkavu, betri ya gari-nyumba ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea papo hapo, na ndiyo sababu fyuzi kuu hutakiwa iwe karibu kabisa na betri, kwani kipande cha waya kilicho kati yao hakilindwi na chochote.

Wapo wanaokubali yote haya kisha wakajibu kwamba gari ni lao, hatari ni yao, na mtu ana haki ya kuhatarisha nafsi yake. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12 ambaye Wazungu humwita Maimonides, alilikataa jibu hilo moja kwa moja. Kutokana na amri ya Torati ya kujenga ukingo kwenye paa la nyumba mpya ili mtu asianguke, alitoa kanuni pana kwamba kila chenye hatari kwa uhai lazima kiondolewe, na akasema kwamba anayedai kuwa kujihatarisha ni shauri lake mwenyewe anastahili kuchapwa viboko. Ukali huo unaweza kuonekana umepita kiasi, lakini gari-nyumba linaupa sababu ambayo watu wa zama zake wasingeweza kuiwaza.

Ikitokea waya wa ardhi umekatika ndani ya kebo inayoliunganisha gari na nguzo ya umeme, na wakati huohuo kifaa kimoja ndani ya gari, kwa mfano koili ya kuchemshia maji iliyoliwa na kutu, kikagusisha waya wa moto na bodi, basi bodi nzima ya gari hushika umeme, wala umeme huo hauwezi kushuka ardhini kwa sababu gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Waliomo ndani hawahisi kitu, kwa kuwa kila chuma wanachokigusa, sinki, bomba, fremu ya kitanda, kina volti ileile, na umeme hupita mwilini pale tu penye tofauti. Anayedhurika ni aliye nje, mtoto wa jirani wa kambini au mgeni aliyekuja kuamkia, akisimama kwenye majani yaliyolowa umande na kushika kitasa cha mlango. Mwili wake ndio unaokuwa njia ya kwanza ya mkondo kufika ardhini, na mahali pasipokuwa na RCD iliyo nzima anaweza kufa hapo hapo. Ni nadra kuikuta hali inayoonyesha kwa uwazi kiasi hiki kwamba asiyejali huweza kuwa salama kabisa ndani ya kutojali kwake, huku gharama ikilipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Dawa yake ni kazi ndogo, ya kuupima kwa mita mwendelezo wa waya wa ardhi, kutoka pini ya plagi hadi chuma cha bodi, jambo ambalo fundi mwenye mita hulimaliza kwa muda mfupi.

Waswahili wana msemo kwamba ajali haina kinga, nao husemwa msibani kwa nia njema ya kuwafariji waliofiwa. Ubaya huanza msemo huo unapotangulizwa kabla ya msiba, ukawa sababu ya kutokagua, kwa kuwa hapo kadari ya Mwenyezi Mungu inageuzwa pazia la uzembe wa binadamu. Mapokeo ya Kiislamu yenyewe hayaruhusu matumizi hayo. Khalifa Umar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Shamu na kupata habari ya tauni iliyozuka huko, aliamua kurudi na watu wake, na sahaba Abu Ubaida alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari ya Mungu, akimaanisha kwamba hata tahadhari ya mja imo ndani ya makadirio hayohayo. Karibu zaidi na suala la nyaya ni hadithi waliyoipokea wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (S.A.W.), alipopewa habari, aliueleza moto kuwa ni adui wa watu na akaamuru uzimwe kabla ya kulala. Angeweza kuwafariji kwa kutaja ajali. Badala yake alitoa agizo la usalama wa nyumbani, na agizo hilo likahifadhiwa na wapokezi kwa uangalifu uleule uliohifadhi hukumu za swala na zaka.

Bado kuna ugumu ambao haufai kufunikwa. Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, alipoandika kuhusu bahati katika maadili, alimtaja dereva wa lori aliyezembea kukagua breki zake: akimgonga mtoto atajilaumu maisha yake yote, na watu watamlaumu pamoja naye, ilhali dereva mwingine mwenye uzembe uleule, ambaye hakuna mtoto aliyekatiza mbele yake, hulala usingizi wake kama kawaida. Clifford angesema hatia zao ni sawa. Hisia za watu na hukumu za mahakama husema si sawa. Mgawanyo wa dhambi na dhamana unatoa njia iliyo bora kuliko zote mbili, kwa kuwa unaruhusu kusema kwamba uzembe wa wawili hawa una uzito mmoja mbele ya Mungu, na kwamba mmoja wao tu ndiye mwenye deni kwa familia ya mtoto. Kinachofuata ni kwamba wamiliki wengi wa magari-nyumba ambayo hayajawahi kuungua wamo katika kundi la dereva wa pili bila kujijua, na kwamba kutoungua kwa gari hakumpi mtu hati ya kuwa mwangalifu.

Kipimo cha uangalifu wenyewe hakiwezi kuwa yakini, kwa sababu yakini haipatikani nyuma ya ubao uliogongomelewa, na sheria inayomdai mtu asichokiweza huishia kupuuzwa. Kanuni za umeme za Uingereza, zijulikanazo kama BS 7671, zina sehemu mahususi, ya 721, kuhusu magari-nyumba, na maelekezo yake ni kwamba mfumo ukaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miaka 3, na kila mwaka kwa gari linalotumika sana. Ni kiwango cha kiasi, ambacho mtu wa kawaida anakimudu, na anayekitimiza, kisha akaunganisha kebo yake baada ya kuikunjua yote kutoka kwenye gurudumu la kuizungushia, kwa kuwa ikibaki imezungushwa hupata joto inapobeba mzigo mkubwa, ametoka kwenye tafriti hata kama baadaye kitatokea kitu ambacho hakuna jicho lingekiona. Fundi naye ana hesabu yake: katika Sunan ya Abu Daud imepokewa hadithi inayomtwisha dhamana anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, na imepokewa pia kwamba Ali bin Abi Talib aliwatwisha mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa na watu, kwa kuona kwamba mambo ya watu hayanyooki bila hivyo. Kwa msingi huo, mtu aliyejifunza kidogo akajitolea kumfungia jirani inveta kwa hisani tu, haokolewi na hisani yake.

Linabaki suala la anayeuza. Muslim amepokea kwamba Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka alipoeleza kwamba mvua imeinyeshea, aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Gari-nyumba lenye nyaya zilizoungwa na mikono minne tofauti ni rundo la namna hiyo, na muuzaji mwaminifu anapaswa kuweka juu kilicho chini: ni soketi ipi iliwahi kupata moto, ni fyuzi ipi ilibadilishwa na kwa nini, nani aliyefunga inveta, na ukaguzi wa mwisho ulifanywa lini. Mnunuzi akishaambiwa, onyo limemfikia, na dhamana ya yatakayotokea baadaye huanza kuhamia kwake pamoja na funguo. Na muuzaji asiyejua lolote kuhusu nyaya zake, kwa kuwa katika miaka yote aliyokuwa na gari hilo hakuwahi kuufungua hata ubao mmoja, analo pia la kumwambia mnunuzi, nalo ni hilo hilo.